Neno la Ubavuni mwa Mtumbwi

Katika miaka yote niliyoishi na marehemu mume wangu, sikumsikia hata mara moja akimtaja mtoto wetu wa tatu, aliyeishi siku nne na kuondoka kabla hajapewa jina. Kwetu watoto hawahesabiwi kwa sauti, na kichanga wa namna hiyo hawekewi matanga. Ukiulizwa habari za watoto unajibu, "Wapo," na maneno yanaishia hapo. Niliishika desturi hiyo bila kunung'unika. Moyoni, hata hivyo, nilimshitaki mume wangu kwamba amesahau. Naye alipokufa, shitaka langu likabaki bila wa kulijibu.

Mjukuu wangu, huyu anayeniandikia maneno haya, alirudi shuleni alasiri moja na kazi ya nyumbani: maneno kumi ya Kiingereza yenye herufi X, na maana ya kila moja. Mimi sikusoma, lakini kazi za shule nazisimamia mwenyewe, asiyemaliza hali chakula. Tuliketi nje, juu ya mawe ya mtaa wetu wa Kirumba. Chini yetu ziwa lilikuwa limetulia hata halikufanana na maji. Mbali, wadudu wa ziwani walipanda kwa makundi kama moshi usio na moto, na nikahisi kwamba jiwe nililokalia linaelea.

"Soma," nikamwambia.

"Axe, shoka. Ox, maksai. Wax, nta. Fox, mbweha."

"Mbweha umemwona wapi wewe?"

"Kwenye kitabu, bibi. Waingereza wana mbweha wengi."

"Usinichezee. Endelea."

Akaendelea: sanduku, kuchanganya, mtihani. Maneno yalinijia polepole, kama mitumbwi inayotokeza kwenye ukungu, kila mmoja na mzigo wake. Alipofika la tisa akatafuna kalamu.

"Limebaki moja, bibi, na haliji."

Nikamwagiza anionyeshe hiyo herufi yenyewe. Akaichora mavumbini kwa kidole, nami nikaitambua.

Mume wangu alisoma madarasa machache. Mwaka tulipompata kitinda mimba wetu, alipaka neno moja ubavuni mwa mtumbwi wake kwa rangi nyeupe, na kila mwaka alilipaka upya. Nilipomuuliza alijibu, "Kiingereza tu, mama watoto." Kumuuliza mtu mwingine niliona ni kujidhalilisha. Mtumbwi ulipooza, ubao ule wenye neno nikaufanya rafu ya jikoni.

Nikaingia naye jikoni, nikaondoa masufuria, nikaufuta masizi.

"Ni hii?"

"Ndiyo hiyo! Six, bibi!"

"Maana yake?"

"Sita. Ya kuhesabia."

"Sita nini?"

"Hapa hapasemi. Labda ulikuwa mtumbwi wake wa sita?"

"Alikuwa na mmoja tu."

"Basi wavuvi wake."

"Walikuwa watatu."

Akafikiri, kichwa kimeinama. "Labda watoto. Lakini ninyi mna watano, baba na ndugu zake."

Mwanga wa ziwa ulicheza ukutani. Nilimwona mume wangu amechuchumaa ufukweni na brashi yake, kisha anaingia kula, vidole vyake vyeupe, nami namkaripia kwa kuchafua bakuli. Alihesabu kwa lugha ambayo hakuna aliyeisema nyumbani mwetu, mahali ambapo desturi isingemsikia. Akaenda na hesabu hiyo majini na kurudi nayo, kila siku, mbele ya macho yangu. Na mimi nilimkaripia kwa sababu ya rangi.

"Bibi, niandike maana gani?"

"Andika sita. Kisha andika: idadi ya watoto wa bibi yangu."

Kalamu ikasimama. "Mwalimu atasema nimekosea."

"Andika. Akikataa, aje aniulize mimi."