Shimo la Parabole

Juzi niliingia duka moja pale katikati ya Kolwezi kununua vifaa vya televisheni ya nyumbani kwangu. Kijana anayeuza akaniuliza kwa adabu kabisa, "Mama, unataka parabole ya bukubwa gani?" Swali la kawaida la muuzaji. Nikasimama pale nikiyatazama yale masahani yaliyoegemezwa ukutani, makubwa kwa madogo. Nilimwambia nitarudi, nikatoka nje juani. Hana kosa, hakujua ananiuliza nini. Wewe nitakueleza, kwa sababu ukubwa wa parabole ndio uliomaliza nyumba yetu.

Tulikaa katika mtaa wa zamani wa wafanyakazi wa mgodi, kwenye njia ya kwenda Musonoi. Kama ulifika Kolwezi miaka ile, unazijua nyumba zile: tofali, mabati, ua mdogo mbele, na nyuma nafasi ya kutosha kupanda mboga. Asubuhi ulisikia mifagio kwanza, kila ua na wake, halafu ikaja harufu ya makaa yaliyotoka Mutshatsha yakianza kushika moto, halafu mama wa jirani akapita na beseni la mikate iliyokaangwa. Kazi yangu ilikuwa kuchuma majani ya muhogo na kumpelekea mama, naye aliyatwanga sombe huku akilalamika kwamba nimechuma magumu. Kila siku yalikuwa magumu. Siku moja nilimchumia machanga matupu, akasema hayana ladha.

Baba alikuwa fundi wa vyuma katika karakana ya kampuni. Hata baada ya kusimamishwa kazi yeye na wenzake wote, aliendelea kuamka kwa saa ya king'ora ambacho hakikupigwa tena. Alikuwa na neno lake, "Kazi ya kampuni haina haraka," na alilisema akikaza bawaba, akikata kucha, hata akimsubiri mama amalize kujifunga kitambaa kichwani. Wachimbaji wa mikono hakuwapenda kabisa, wale vijana waliomiminika mjini kutoka kila upande wa nchi kutafuta shaba na kobalti. Kwake mtu anayeshuka ardhini na tochi kichwani na kandambili miguuni alikuwa amekwisha kujizika. "Mutoto wangu hataingia mu shimo," alisema mezani, na sote tulijua anamsema nani.

Alimsema kaka yangu mkubwa, yaya kama tulivyomwita. Yaya alikuwa amemaliza shule na kazi hakuna. Alipenda mpira kuliko chakula, na jioni alikwenda kuutazama kwenye kibanda cha video karibu na machimbo. Pale kibandani ndipo wachimbaji walipochagua vijana wenye mabega mazuri. Wenzake wa darasa walianza kwenda nao, mmoja leo, mwingine kesho, wakarudi mtaani na viatu vipya. Yaya alivitazama vile viatu, na baba alimtazama yaya.

Ndipo baba akaamua kwamba mpira uje nyumbani. Alikuwa bado na akiba ya malipo yake ya mwisho, na akasema ataitia yote kwenye parabole, ili yaya asiwe na sababu ya kwenda kule kibandani. Mama alisema mabati ya jikoni yanavuja. Baba akamjibu kwamba mabati yanangoja, mtoto hangoji. Ninapenda kukumbuka kwamba alilisema hilo. Ni neno zuri kuliko yote aliyowahi kusema, na natamani lingekuwa la mwisho.

Basi Jumamosi tulianza kuzunguka madukani, baba, yaya na mimi, na sidhani kama nimewahi kuwa na furaha kama ile. Baba hakununua kitu kwa macho. Aligonga sahani kwa ukucha akasikiliza. Ile ya bati zima aliikataa kwa sababu inakamata upepo, akataka ya wavu, lakini si wavu wowote. Alipitisha kidole kwenye kila kipande kuona kama pamepinda, maana palipopinda, alisema, mawimbi yanamwagika. Aliuliza kichwa cha kupokea mawimbi kilitengenezwa kuvumilia joto gani, na wauzaji wakatazamana. Yaya alitaka pia mota ya kuizungusha sahani itafute satelaiti nyingine. Baba akamwambia mota yake ni mkono, azungushe mwenyewe, na tukacheka mpaka muuzaji akacheka.

Kwenye waya ndipo alipotia fora. Alitoa wembe mfukoni akakwangua ule uzi wa katikati, na chini ya rangi nyekundu kikatokea chuma cheupe. Baba aliuweka mezani polepole. "Hapa Kolwezi," alisema, "mutu ananiuzisha chuma yenye bamepakaa shaba." Yaya aliisimulia hiyo mtaani wiki nzima, akiiga sauti ya baba na ule wembe.

Muuzaji wa mwisho, mtu mpole wa makamo, alijaribu kutusaidia. Alituonyesha sahani dogo, la kukumbatia kwa mikono miwili. "Tata, hii inakutosha. Unaifunga tu ku ukuta, hakuna kuchimba. Mupira yote iko mule."

"Na kila mwezi nalipa?" baba akauliza. "Mi siko na mushahara tena. Na mvula ikinyesha hiyo inalala. Nipe ile mukubwa. Ile unalipa mara moja, batoto banaona mpaka banazeeka."

Alikuwa na haki yake. Sahani kubwa lilivuta stesheni za bure kutoka mbali, na mpira ulikuwemo. Ndiyo maana mpaka leo siwezi kumcheka kwa uamuzi huo. Ningekuwa yeye ningechagua vilevile. Tulilileta nyumbani kwa mkokoteni, vipande vyake vimefungwa kwa kamba, na watoto wa mtaa wakatufuata nyuma kama harusi.

Sahani kubwa linataka mlingoti, na mlingoti unataka shimo. Fundi wa parabole alipofika alipiga alama nyuma ya jikoni, mahali pasipo na mti wa kuzuia mbingu, akasema, "Ku magoti inatosha, tata. Tunatia majiwe na ciment." Fundi yule alikuwa amesimamisha mengi mjini na hakuna lililoanguka. Lakini baba alikuwa mtu wa karakana. Alijua uzito, alijua upepo wa mvua za Desemba, na hakuna mtu ambaye angemfundisha kusimamisha bomba. Akamwambia yaya achimbe mpaka kifuani.

Yaya alichimba huku akijitangazia mpira. Sepetu inapita winga, sepetu inamkwepa beki, sepetu peke yake na kipa. Mimi nilikuwa mshangiliaji. Udongo ulitoka mwekundu, kisha wa manjano, na alipofika kifuani mtangazaji akanyamaza. "Tata," akasema, "kuya uone."

Lilikuwa jiwe jeusi, ukubwa wa ngumi. Baba alilitemea mate, akalisugua kwenye suruali yake, likang'aa. Hakuhitaji kuuliza mtu. Maisha yake yote mgodini alikuwa ameyaona yale mawe yakipita kwa mabehewa, na aliijua kobalti kama mama anavyojua chumvi. Zege lilikuwa tayari limechanganywa, liko pembeni kwenye bati, linameremeta. Kazi iliyobaki ilikuwa moja tu, kusimamisha bomba na kumwaga. Nilimwona baba akilitazama jiwe, akalitazama zege, halafu akautazama ukuta wa jirani kuona kama kuna mtu.

"Tata, béton inakauka," mama akasema kutoka jikoni.

"Ngoja kwanza," baba akajibu.

Likakauka. Kesho yake lilikuwa jiwe palepale kwenye bati, na mama alilitumia kuanikia masufuria. Sahani lenyewe halikupata kusimama hata siku moja. Lilikaa chali juu ya matofali na mama akaanika ndakala, wale samaki wadogo, ndani yake, maana wavu ulipitisha hewa vizuri, na paka wote wa mtaa wakahamia kwetu.

Utashangaa ilikuwaje yule baba, na kiapo chake cha mezani, akamruhusu yaya aendelee kushuka kufuata yale mawe. Mimi nilishangaa miaka mingi. Jibu ni kwamba kwake lile halikuwa shimo. Shimo lilikuwa kule machimboni, la watu wengine. Hili lilikuwa nyuma ya jikoni yake, kando ya sombe ya mkewe, na yeye ndiye aliyelipima. "Hii haiko carrière ya bachimbaji," alimwambia mama. "Ni ku nyumba. Mi mwenyewe niko hapa, nitaweka miti, nitafanya kama kampuni." Kolwezi nzima ilidanganyika hivyohivyo. Kabla ya mvua kwisha kila ua ulikuwa na turubai lake, na chini ya kila turubai mtoto wa mtu, na hakuna aliyekubali kuitwa mchimbaji. Walikuwa nyumbani kwao tu.

Na tulikula nyama, nisikufiche. Tulipata magodoro, mabati mapya ya jikoni, televisheni pana. Baba alinunua hata lile sahani dogo la kulipia kila mwezi, akalifunga ukutani kwa dakika chache, kama muuzaji alivyosema. Mpira ukaja nyumbani. Tuliutazama mimi na baba na majirani, na yule aliyenunuliwa mpira alikuwa chini ya miguu yetu akifuata mshipa wa mawe. Hilo ndilo linaloniuma kuliko mengine, ndugu yangu. Mpira ulikuwepo, na yeye alikuwepo nyumbani, na hawakukutana.

Njia yake ya chini ilipita jikoni, ikafika chini ya chumba tulicholala. Mama alibuni namna ya kumwita kula. Bukari, yaani ugali, ikiiva alichukua mchi wa kutwangia sombe, akagonga sakafu mara kadhaa, na yaya akajibu kutoka chini kwa nyundo, tok tok. Mara nyingine alijibu kwa mdundo wa mashabiki wa mpira, na mama alicheka peke yake jikoni akitikisa kichwa. Baba alikaa mdomoni mwa shimo ameshika kamba, na saa ya mpira alimwachia jirani. Alikuwa mwangalifu, alipima miti, alikagua mafundo. Mtu hawezi kusema alifanya kazi ovyo.

Mchana mmoja baada ya mvua za mfululizo mama aligonga na hakuna aliyejibu. Akagonga tena. Nilikuwa napepeta unga nje na nilimsikia akigonga kwa nguvu zaidi, halafu haraka zaidi, halafu bila kuacha, na kutoka nyuma nikamsikia baba akisema jina la yaya kwa sauti ya chini kama mtu anayemwamsha mgonjwa. Kamba ilikuja juu nyepesi. Majirani walichimba, na wachimbaji wale wale ambao baba aliwadharau walikuja na tochi zao na kandambili zao, wakashuka bila kuuliza malipo. Walifanya kazi mpaka njia za chini za majirani nazo zikaanza kuporomoka, na mkubwa wao akapanda juu, akavua tochi kichwani, akapiga magoti mbele ya mama. Mwili haukupatikana, tukaweka kilio pale pale uani. Padri aliubariki udongo wa nyuma ya jikoni, na hilo likawa kaburi.

Baba sijamsamehe. Ninamtumia dawa zake, ninamwita tata kwa heshima, ninamsikiliza, na sijamsamehe. Ningemwelewa kama angekuwa mlevi au mtu asiyejali. Lakini yeye ndiye aliyejua. Zege lilikuwa bichi mbele yake na mtoto wake alikuwa amesimama katika shimo lililomfika kifuani, akiwa bado anaweza kutoka kwa kunyoosha mkono.

Mtaa wenyewe haukukaa. Ilikuja kampuni moja na ukuta wake, ikatulipa, ikatuhamisha. Mashine ziliingia tulipotoka, zikachukua nyumba, mashina ya mihogo, ule ua ambao kila asubuhi ulifagiliwa. Ukipita leo utaona bonde refu lenye ngazi kama za jitu, na mimi niliyezaliwa pale siwezi kukuonyesha jikoni ilikuwa wapi. Mama alikwenda ofisini kwao kuwaambia kwamba mle ndani kuna mtu. Walimwandikia jambo fulani, wakamshukuru. Udongo wote ulipakiwa kwenye malori na kupelekwa, wa nyuma ya jikoni pamoja na mwingine.

Wazazi wangu sasa wanakaa nje ya mji, kando ya barabara ya kwenda Likasi, ambako malori ya mawe hupita kuelekea mpakani. Wewe unajua desturi yetu: maiti ikipita njiani, mtu anasimama mpaka ipite. Nilipokwenda kuwaona mwezi uliopita mama alikuwa nje anachambua maharage. Lori likaja, akaweka ungo chini, akasimama, mikono imefungwa mbele, macho chini. Likapita. Kabla hajainama kuuchukua ungo likaja lingine, na nyuma yake lingine. Baba alikuwa dirishani akimtazama. Nilimwomba mama aingie ndani apumzike. Akanijibu, "Malori inapita mingi, mama. Sijue iko mu ile gani."