Fundi Mizani na Uji wa Ratili

Mjomba wangu alikuwa fundi mizani. Karakana yake ilikuwa chumba kimoja chenye dirisha lililotazama barabara ya soko, na kutoka sakafuni hadi darini palijaa mizani: za kaunta, za kuning'iniza, za kupimia magunia, na moja ndogo ya sonara iliyofunikwa kwa kioo. Katika sanduku la mbao lenye kitambaa ndani alihifadhi mawe yake ya shaba, kuanzia gramu hamsini hadi kilo tano, na hayo hayakushikwa na mkono mtupu hata siku moja. Mfanyabiashara aliyemwomba amlegezee springi kidogo, ili kilo moja isomeke kilo na robo, alionyeshwa mlango. Hakufukuzwa kwa kelele. Mjomba alimrudishia mizani yake na kusema, "Hii haina ugonjwa. Mgonjwa ni wewe."

Alikaa katika ndoa miaka kumi na saba bila mtoto. Walipompata binti, alizaliwa mdogo kiasi kwamba Mjomba alimbatiza Ratili, kipimo cha zamani kisichofika nusu kilo, na jina la cheti likasahaulika. Mtoto alipofikisha miezi mitano, mkazamjomba aliugua homa. Siku ya nne tukamzika.

Mama yangu, ambaye ni dada yake mkubwa, alibaki pale matanga yalipokwisha. Alimkuta mdogo wake ameketi kitandani, mtoto mapajani, chupa ya maziwa mkononi.

"Mdogo wangu, nipe huyu mtoto nikamlee. Mwanamume peke yake na mtoto mchanga? Utamlisha nini, skurubu?"

"Nitamlisha chakula, Dada."

"Unajua kupika?"

"Nitajua."

Watu walicheka. Mtaani wakamwita Baba Nyonyo. Siku hizo nilikuwa nimemaliza chuo, nafundisha shule iliyo jirani na karakana yake, na nilikaa kwake. Kicheko kile kilinichoma, na mpaka leo kinanichoma. Mwanamume akimtelekeza mtoto, jamii inatikisa kichwa na kuendelea na safari. Akimbeba mgongoni, inasimama kumtazama kama mnyama wa maonyesho.

Lakini kicheko hakiui. Kilichokaribia kuua ni mlango. Ratili alipotimiza miezi sita, Mjomba alimpeleka kliniki. Siku hiyo kulikuwa na somo la chakula cha watoto wanaoanza kula. Mhudumu wa mlangoni akamwambia, "Mzee, hili ni somo la kina mama. Wewe subiri nje, mtoto atapimwa baadaye." Akasubiri nje, juani, na kadi ya mtoto mkononi. Somo likatolewa, likaisha. Kina mama wakatoka wakijua la kufanya. Yeye akaondoka na kauli moja aliyoandikiwa nyuma ya kadi: aanze uji.

Akaanza uji. Jioni ya kwanza aliupika vizuri, mzito, akampa kwa kijiko. Kijiko cha tatu Ratili akapaliwa. Alikohoa, macho yakamtoka, uso ukawa mwekundu. Nilikuwepo. Mjomba alimgeuza, akampiga mgongoni, uji ukatoka, mtoto akalia. Aliendelea kumkumbatia muda mrefu baada ya kilio kwisha.

Tangu siku hiyo uji ulikuwa maji. Aliupika mwepesi, akauchuja kwa kitambaa, akautia katika chupa, na tundu la chuchu akalipanua kwa sindano yenye moto. Maziwa nayo aliyaongezea maji nusu kwa nusu, kwa sababu jirani mmoja alimwambia maziwa matupu yanamkaba mtoto. Ratili alikunywa, akajaa tumbo, akalala. Nami, msomi wa nyumba, niliona vyote hivyo nikavisifu.

Kila jioni baada ya chupa, Mjomba alimpima. Alimlaza katika beseni juu ya mizani bora kuliko zote karakanani. Alipunguza uzito wa beseni. Alipunguza uzito wa nepi, wa fulana, hata wa uzi mwekundu ambao mkazamjomba alikuwa amemfunga mkononi. Akaandika ukutani kwa chaki: kilo sita na gramu mia mbili. Wiki mbili baadaye, sita na mia tatu. Kisha sita na mia nne. Kila alipoongeza ukubwa wa chupa, namba ilipanda.

Kliniki ikasema vinginevyo. Mtoto alipofika miezi saba kadi ilisoma kilo sita na gramu mia moja. Miezi minane, kilo sita kamili. Mstari ulikuwa unateremka kama mtu anayeshuka ngazi bila haraka.

Mama alipopata habari alipanda basi akaja. Aliitazama kadi, akamtazama Ratili aliyelala na mikono yake myembamba juu ya blanketi.

"Wiki mbili," akasema. "Wakimpima tena kukawa hakuna nafuu, namchukua. Sikuombi ruhusa."

"Mizani yao mbovu, Dada."

"Mtoto ndiye anayekonda, unaniambia habari za mizani?"

"Nimezitengeneza miaka thelathini. Najua ninachosema."

Kesho yake asubuhi alimfunga Ratili mgongoni, akabeba sanduku la mawe ya shaba, nami nikabeba chupa. Mama alibaki nyumbani. Alisema hana miguu ya kwenda kutazama aibu.

Ukumbini kulikuwa na kina mama kama thelathini kwenye mabenchi. Mmoja alimwona na sanduku lake akapaza sauti, "Fundi! Leo umekuja kupima mtoto au kutengeneza mizani?"

"Vyote viwili, mama."

"Basi anza na ile ya kwangu nyumbani, kila nikipanda inanitukana!"

Benchi zima likacheka, na hata yeye akatabasamu. Muuguzi mkuu hakutabasamu. Alikuwa mwanamke wa makamo, miwani imefungwa kwa kamba shingoni. Alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akaonyesha kwa mkono mizani iliyoning'inia kwenye boriti.

"Ipime, Baba Ratili."

"Hapa? Mbele ya watu?"

"Ikiwa imewadanganya, waliodanganywa ni hawa. Wana haki ya kuona."

Mjomba alivaa glavu zake nyeupe, akaning'iniza jiwe la kilo moja. Mshale ukasimama kwenye moja. Kilo mbili: mbili. Kilo tano: tano. Akaweka la tano na la moja pamoja, akainama mpaka pua ikakaribia kioo. Sita kamili, bila kuzidi upana wa uzi.

Angeweza kusema springi imechoka, na hakuna ambaye angebisha, maana nani pale alijua springi? Akavua glavu.

"Nzima," akasema. "Haina kosa."

Akampima Ratili. Kilo sita kamili. Mtoto, ambaye alikuwa hajala tangu tulipotoka nyumbani, akaanza kulia. Mjomba akaketi, akampa chupa yote. Kisha, bila kuambiwa na mtu, akainuka akamning'iniza tena.

Kilo sita na gramu mia tatu.

Alisimama pale akiitazama namba. Nilimwona midomo yake ikihesabu. Kisha Ratili akakojoa, mkojo ukachuruzika sakafuni, na mshale mbele ya macho yetu ukarudi nyuma kidogo. Mwanamke mmoja akaanza kucheka, akakatiza.

"Nilikuwa nampima ameshiba," Mjomba akasema. Hakuwa akisema na mtu. "Nimepunguza beseni. Nimepunguza nepi. Uji wenyewe sikuupunguza."

Muuguzi akachukua chupa, akadondosha tone lililobaki kwenye kijiko, akakiinamisha. Likakimbia kama maji ya mvua juu ya bati.

"Umempa maji ya moto yenye harufu ya unga. Tumbo linajaa, mwili haupati kitu. Kwa nini umeufanya mwepesi hivi?"

Mjomba akamweleza habari ya kupaliwa. Alieleza kwa sauti ya chini, akiwa ameshika mguu wa mtoto.

"Na somo letu la watoto wa miezi sita hukulisikia?" muuguzi akauliza.

"Niliambiwa nisubiri nje."

Muuguzi alivua miwani. Mhudumu wa mlangoni akatazama viatu vyake. Nilifungua kinywa niseme yote yaliyokuwa kifuani kwangu, na nilikuwa na mengi, lakini Mjomba alinigusa mkono.

"Kosa hilo ni letu," muuguzi akasema. "Leo utalisikia peke yako."

Akamwingiza jikoni kwao. Akamwonyesha uji unaokaa kwenye kijiko bila kumwagika, unaotiwa kijiko cha mafuta. Akampondea kiazi na maharage yaliyotolewa maganda. Akamwambia habari ya yai lililoiva, ndizi iliyopondwa, na chakula kimoja kipya kwa wakati, ili kikimkataa ijulikane ni kipi. Maziwa ayachemshe, asiyaongezee maji, ampe kwa kikombe. Ile chupa iachwe.

"Na akipaliwa, Sista?"

"Mkalishe wima, usimlishe amelala. Akikohoa na kupiga kelele, mwache, anajisaidia mwenyewe. Anajifunza kumeza. Wa kumkimbilia ni yule anayekaa kimya, hewa haipiti. Na hilo nitakufundisha la kufanya kabla hujatoka hapa."

Akamfundisha, kwa kutumia taulo lililokunjwa, mara nne, mpaka akaridhika.

Jioni ile nyumbani, Mama akiwa ameegemea mlango mikono kifuani, Mjomba alimkalisha Ratili wima, akaleta bakuli. Kijiko cha kwanza kikarudi chote kidevuni. Cha pili kikaingia. Cha tatu mtoto akakohoa, uso ukabadilika. Mjomba alisimama, kiti kikaanguka nyuma yake. Mikono yake ikanyooka, ikasimama hewani. Aliisikiliza ile sauti ya kikohozi kama anavyosikiliza mizani mbovu, sikio limeinama. Ratili akakohoa tena, akameza, akamtazama kwa hasira.

"Mpokonye hilo bakuli," Mama akaniambia. "Atamuua."

"Hapana, Dada." Akaokota kiti, akaketi. "Anapiga kelele. Anajisaidia."

Akampa cha nne.

Zilikuwa wiki mbili ndefu. Kuna siku mtoto alifunga mdomo kama bahasha, na Mjomba akakaa na kijiko saa nzima bila kumlazimisha. Kuna siku yai lilitemwa likafika kwenye shati langu la kazi. Karakana ilifungwa mchana ili bakuli lipate nafasi, na wateja wakanung'unika, na wanung'unike. Ukutani kwa chaki hakuandika kitu tena. Alisema hataki kujua mpaka siku yenyewe.

Siku yenyewe Mama alikuja kliniki nasi, na mfuko wenye nguo za mtoto zilizokunjwa tayari kwa safari. Muuguzi akamning'iniza Ratili asubuhi, kabla ya chakula. Mjomba aligeukia dirishani. Kwa mara ya kwanza katika maisha yangu nilimwona akishindwa kutazama mshale.

"Sita na gramu mia tatu," muuguzi akasoma. "Na tumbo tupu."

Mama aliichukua kadi, akaifuata alama mpya kwa kidole. Mstari ulikuwa umeinuka, ingawa bado ulikuwa chini ya pale ulipopaswa kuwa.

"Hajafika," Mama akasema.

"Hajafika, Dada. Bado sana."

Mama aliirudisha kadi mezani. Kisha akanipa ule mfuko. "Zirudishe kabatini. Na wewe, mdogo wangu, leo utanionyesha huo uji unaupika uzito gani, maana sisi wanetu wote tuliwapa mwepesi." Akasita. "Wengine walikufa, na tulisema ni kudra."

Kabla ya hapo hatukuwahi kumsikia akitaja watoto wake wawili walionitangulia.

Alikaa siku nne, akaondoka peke yake. Asubuhi aliyoaga, Ratili alikuwa ameketi wima, mdomo wazi, akipiga meza kwa viganja kwa sababu kijiko kilichelewa.