Namba ya Baba Kwenye Lami

Nianze kwa kukiri, maana najua mnasubiri nijitetee: ndiyo, mimi ndiye yule injinia wa uwanja wa ndege ambaye namba yake ilisomeka kichwa chini mbele ya wageni, na ndiyo, spika zilikuwa zimewashwa. Hadi leo nikipita mtaa wa Mlabani, hapa Ifakara, kununua vocha lazima atokee mtu wa kuniuliza kama sitini imeshatua. Wanaocheka wanadhani aibu yangu ni namba. Namba ilifutwa siku ile ile. Kilichonikaa moyoni ni maneno niliyoyasema mimi mwenyewe nyuma ya kontena, nikidhani hakuna anayenisikia.

Nilikuwa msimamizi wa ujenzi pale uwanjani, tunaweka lami, mitaro, uzio na jengo dogo la abiria, na kampuni ilinitafutia chumba cha gesti nikakikataa, nikaenda kukaa kwa baba, mtaa wa Viwanja Sitini, kwa sababu tangu mama afariki alikuwa anaishi peke yake na kila nikimpigia simu kumuuliza amekula nini ananijibu kwamba ameshiba. Baba yangu, Mzee Gervas, ni fundi wa maandishi. Ujanani aliandika namba kwenye matrela ya miwa, halafu akahamia mjini, na kabla ya haya mabango ya kompyuta kuja, hebu niambieni ni duka gani hapa Ifakara halikuandikwa na baba? Saluni, bucha, mashine za kukoboa mpunga, hadi ukuta wa shule niliyosoma mimi (nilikuwa nawaringia wenzangu kwamba ile herufi kubwa ya mwanzo nilishika kopo la rangi wakati inaandikwa). Sasa hivi hakuna anayemwita. Brashi zake zinakaa kwenye kopo la maziwa ya unga juu ya kabati, na kila Jumamosi anazishusha anaziosha kwa mafuta ya taa, anazikausha, anazirudisha, wakati hazijachafuka hata kidogo. Mimi nilikuwa namwangalia tu.

Basi zikabaki siku tatu mkaguzi aje na ndege kutoka Dar kuupitisha uwanja, na lile gari la mafundi wa kuchora alama kwenye lami likakwama njiani kwa mvua. Meneja wangu alikuwa amechanganyikiwa. Alama zilizokuwa zinatakiwa kabla ya ndege kutua ni chache, na kubwa kuliko zote ni ile namba ya mwanzo wa njia ya kurukia, ambayo inamwambia rubani anaelekea upande gani. Yetu ya upande wa magharibi ilikuwa 09 (ile ya mashariki ingesubiri wiki inayofuata). Kila tarakimu mita tisa, yaani ndefu kuliko nyumba yetu. Nikajiambia moyoni, wewe Geti, unahangaika nini na fundi unaye nyumbani?

Nilimwambia baba wakati wa chai ya asubuhi. Aliinuka akapanda kwenye stuli akashusha lile kopo la brashi. Jamani, mikono yake siku hizi inatetemeka, chai inamwagika kwenye sahani, lakini akishika brashi inatulia, nimeona kwa macho yangu. Nikamchorea karatasi ya daftari: namba, urefu, upana, unene wa mstari. Mshale wa kuonyesha rubani anatokea upande gani sikuuweka, kwa sababu kwangu mimi lilikuwa jambo la wazi mno, nani asiyejua? Hilo ndilo kosa langu la kwanza, na naomba mlikumbuke huko mbele nitakapoanza kumsingizia mtu.

Alifanya kazi siku mbili, na kamba zake na chaki na rola, anapiga mstari, anarudi nyuma, anatazama, anarudi tena. Siku ya pili jioni nikatembea kutoka kwenye jengo la abiria hadi mwisho wa lami kukagua, na kutoka upande ule niliokuwa natokea nikaona 09 imesimama safi, kingo zimenyooka, nikampigia makofi na kusaini fomu ya kupokea kazi palepale. Baba alicheka hadi nikaliona lile pengo la jino lake ambalo lilikuwa halijaonekana tangu msiba. Kama kuna siku nilijiona mtoto mwema ni siku ile.

Sasa kiherehere changu. Asubuhi ya ukaguzi kulikuwa na turubai, viti, wageni wa serikali, na fundi wa muziki na spika zake kubwa. Nikapata wazo la kuwafurahisha wageni: tulikuwa na redio mbili ndogo za mkononi za kuongea na ndege, nikachukua moja nikaiweka mbele ya maiki pale mezani, ili ndege ikija watu wote wamsikie rubani. Nyingine nikabaki nayo mkononi. Baba alifika amevaa koti alilovaa kwenye harusi ya kaka yangu, na alikuja na wenzake, akiwemo Bwana Salum wa duka la vitambaa, ambaye baba alimwandikia ubao wa duka mimi nikiwa bado sijazaliwa. Alikuwa anawaonyesha kwa kidole, ile kule, mwisho kabisa, mnaiona?

Saa nne ndege ikatokea, ndogo, nyeupe. Ikashuka, watu wakasimama, halafu ikapita juu yetu bila kutua. Tukapiga makofi (tulidhani anatusalimia). Ikazunguka, ikashuka tena, ikapita tena. Ndipo spika zikakoroma na sauti ya rubani ikatoka kubwa, ya taratibu kabisa: "Ifakara, mbona namba yenu huku inasomeka sitini? Imesimama kichwa chini."

Turubai zima likalipuka kwa kicheko. Mtu mmoja nyuma akasema Viwanja Sitini tulikuwa navyo tayari, sasa tumeongezewa na njia ya ndege. Mimi nilielewa palepale. Baba alikuwa ameigeuzia namba kwenye jengo, kwa watu, jinsi ubao wa duka unavyotazama barabarani, na mimi niliikagua nikitokea kwa watu hao hao. Kabla sijapumua ikatoka sauti nyingine, ya mkaguzi, inauliza ni fundi gani aliyeichora. Meneja wangu akageuka akanitazama. Jicho lile sitalisahau.

Nikakimbilia nyuma ya kontena la vifaa ili wageni wasinisikie, nikabonyeza redio yangu, nikasema hivi, neno kwa neno: "Samahani sana mheshimiwa, ni kibarua tu, mzee mmoja wa mtaani, tulimpa kazi kwa kumsaidia. Hatarudi tena hapa."

Na nikajisikia. Sauti yangu mwenyewe ikanirudia kutoka upande wa pili wa kontena, kubwa, hadi kule kwenye uzio, kwa sababu ile redio niliyoiweka mbele ya maiki ilikuwa inampokea rubani na ilikuwa inanipokea na mimi pia. Injinia mzima sikulifikiria hilo.

Nilipotoka hakuna aliyekuwa anacheka. Nusu ya watu wale wananijua tangu nikiwa mtoto na wanajua mimi ni wa nani. Bwana Salum alikuwa anatazama viatu vyake. Baba alisimama, akafunga kifungo cha koti, akawaaga wenzake kwa kuwashika mkono mmoja mmoja, akanipita bila kunitazama akaanza kutembea pembeni ya lami kuelekea kule mwisho. Nilitamani anitukane.

Ndege ikatua (rubani alikuwa ameridhika kwamba lami ni nzuri, lilibaki suala la karatasi ya kibali tu). Mkaguzi, kijana mpole tu, akamwambia meneja kwamba kila kitu kiko sawa isipokuwa namba, na namba ile hawezi kuisainia. Wanaondoka saa kumi. Ikirekebishwa kabla ya hapo anasaini, isiporekebishwa hajui atarudi lini. Meneja akaniuliza yule kibarua yuko wapi. Nikaanza kutembea kule alikoelekea baba.

Jua la Ifakara juu ya lami mpya mnalijua. Nilimkuta baba amepiga magoti pembeni ya ile tisa yake, koti amelikunja vizuri kwenye majani, anapima kwa shibiri. Nikamwamkia, "Shikamoo baba," kama vile ndiyo kwanza tunaonana siku ile. Akaitikia.

"Nilijua namba ni ya wanaosubiri," akasema bila kugeuka. "Wale wanaokaa pale wanamngoja mtu wao. Rubani si anajua anakokwenda?"

Nikamwambia kosa ni langu, sikuchora mshale, na nilikagua nikasaini, yeye aliandika kama ambavyo mtu yeyote mwenye akili angeandika.

"La namba nimekuelewa," akasema. "Na lile lingine?"

Nikapiga magoti na mimi, lami inaniunguza, nikamwambia lile lingine sina la kulitetea. Niliogopa kupoteza kazi yangu, nikamtupa yeye, na laiti ningekuwa na njia ya kuyarudisha yale maneno ningeyarudisha. Nikalia. Mikono yake ilikuwa inatetemeka juu ya ule mstari mweupe, na nikajua mimi ndiye niliyeitetemesha, maana kwenye kazi haitetemeki.

"Kalete rangi nyeusi," akasema. "Na nyeupe iliyobaki."

Nilikwenda kuleta rangi, lakini kwanza nilipita pale mezani nikachukua maiki. Sikuwa na hotuba. Nikasema fundi aliyechora namba anaitwa Gervas, ni baba yangu mzazi, hakukosea yeye, nimekosea mimi, na maneno mliyoyasikia yalikuwa ya mtu mwoga. Nikaiweka maiki chini nikabeba madumu. Nilipogeuka nikamwona Bwana Salum anakuja nyuma yangu amepandisha kanzu yake hadi magotini na ameshika rola, na nyuma yake wenzake, na vibarua wangu wote, na hata mama mmoja aliyekuwa anauza maandazi pale getini.

Tukaifuta sitini tukaandika tisa. Baba alisimama katikati akituelekeza wote kwa kipande cha chaki, na Bwana Salum ndiye aliyeshika kamba muda wote akilalamika kwamba kwa ubao wake wa duka hakusumbuliwa hivi. Mikono ya baba ilikuwa imetulia. Mshale nilichora mimi kwa chaki pembeni, mkubwa kuliko ulivyohitajika, na wote wakanicheka, sawa.

Saa tisa na nusu rangi ilikuwa imekauka. Rubani akasema lazima aruke aione kutoka juu kabla mkaguzi hajasaini, na mkaguzi akiwa bado anamalizia wali wake akasema kiti chake kiko wazi, kwa nini fundi asiende kuangalia kazi yake? Baba alikuwa hajawahi kupanda ndege. Alivaa koti lake, akafunga vifungo vyote, akapanda bila kunitazama, na mimi nikabaki chini na wageni, natazama ile ndege inainuka inapinda kuelekea mashamba ya mpunga, inazunguka, inarudi upande wa magharibi ambako rubani hutokea. Nilikuwa naomba tu asiogope.

Spika zikakoroma. Nilikuwa nimesahau kuiondoa ile redio mbele ya maiki.

"Ifakara," ikasema sauti ya baba, kubwa, hadi kule kwenye uzio. "Hapa anaongea kibarua wa mtaani. Namba inasomeka."

Turubai zima likacheka, na mimi nikacheka nikilia.

Sijawahi tena kuweka redio mbele ya maiki, hilo nimeapa. Na nimeapa lingine: nikiulizwa kazi imefanywa na nani, nitalitaja jina lake kwanza, ndipo nijue kama kuna kosa. Kwenye ile fomu niliyosaini, pale pa jina la fundi nilipokuwa nimepaacha wazi, niliandika jina la baba kwa herufi kubwa. Akaisoma, akasema mwandiko wangu mbaya.