Wavu wa Papa Lubunga

Mwaka wa 1999 serikali ilikuwa imekimbia vita na kuacha Baraka, mji wetu kando ya Ziwa Tanganyika, lakini Papa Lubunga, agent wake, mtumishi wa mazingira, alibaki. Bila mshahara, kila asubuhi alishuka ziwani kulinda sheria ya uvuvi. Aliingiza vidole viwili kwenye tundu la wavu. Visipopita, wavu ule ni haramu, unamaliza watoto wa samaki.

Siku moja akamukuta jirani yangu Saumu anavua kwa chandarua. Batoto bake walikuwa wamelala njaa.

"Mama Saumu, leta hiyo."

"Serikali yako iko wapi, Papa? Iite ije kuchukua yenyewe."

"Mi niko hapa."

"Basi leo nipikie batoto sheria?"

Sisi tuliokuwa ufukoni tulicheka sana. Papa Lubunga alichukua chandarua, akaenda kwake, akarudi na wavu wenye matundu makubwa, ule uliolisha nyumba yake.

"Vua na huu. Mutatugawia samaki ya mboga."

Mukewe alimununia wiki nzima, na alikuwa na haki.

Leo tuko na bureau nzuri, ofisi ya mazingira, na nchi nne za ziwa zimetia sahihi mkataba wa kulilinda. Lakini samaki ninaonunua sokoni hawajafika hata umri wa kuzaa, na hakuna muntu anauliza walivuliwa kwa wavu gani.