Magodoro Kumi na Mawili na Ubeti Mmoja

Saa moja asubuhi, duka la magodoro bado limefungwa, na Kibega anachana mistari ya hip hop kwenye maikrofoni, kati ya magodoro mawili ya futi tano kwa sita. Ananyamaza na kusikiliza. Mwangwi unamrudia kutoka kwenye ukuta mtupu.

"Bado unasikika kama uko ndani ya pipa," anasema Nukta, mwanahip hop mwenzake, aliyekaa sakafuni na kompyuta mapajani.

Kibega, mwenye miaka thelathini na moja, ni muuzaji na mbebaji katika duka hili la shangazi yake. Wapenzi wa hip hop ya mtaani wanamjua kwa mistari. Wateja wanamjua kwa bega. Yeye na Nukta wanamalizia rekodi ya pamoja: nyimbo nne, dakika kumi na moja. Umebaki ubeti wake mmoja, na kesho Nukta anahamia mbali kikazi.

Kwa miezi miwili shangazi amewaachia duka saa moja kabla ya kufungua, kwa sharti kwamba nailoni za magodoro zisiguswe. Magodoro yalinyonya mwangwi vizuri. Nailoni ikichakacha, walirudia.

Jana akaja mwenye nyumba ya wageni. Kibega, ambaye mdomo ndio mtaji wake, alisifia bidhaa mpaka mteja akachukua kumi na mawili. Kibega akayapakia mwenyewe kwenye gari la mteja. Gari lilipokata kona ndipo akashika kichwa.

"Niliuza studio yangu huku natabasamu," anasema.

"Ungemwambia arudi wiki ijayo," Nukta anamchokoza.

"Na shangazi ningemwambia nini?"

Anajaribu mara ya saba, mwangwi ni uleule. Inamuuma, wala hafichi. Kwa miaka tisa ameanza rekodi na kuziacha njiani. Hii ndiyo ya kwanza kukaribia mwisho.

Mlango unagongwa. Ni shangazi, amekuja mapema. Nyuma yake kuna mkokoteni wenye godoro lililobonyea katikati, shuka bado limechomekwa. Jana jioni alimsikia Kibega akilalamika, akajifanya hasikii.

"La kitandani kwangu," anasema. "Halina nailoni. Shika huku, mwanangu, na hili usije ukaliuza."

Wanaliegemeza kwenye ukuta mtupu. Kibega anachana ubeti wote bila kukata. Nukta anausikiliza mara mbili.

"Ubeti umekaa sawa," anasema.

Rekodi itatoka mwisho wa mwezi, na Kibega anataka kuanza nyingine kabla mwaka haujaisha. Lakini kwanza anaweka godoro begani kulirudisha nyumbani. Shangazi hajapata usingizi tangu alfajiri alipolitoa kitandani.