Maji ya Kanisa la Waingereza

Mwenyekiti wa akina mama wa kanisa letu la Kianglikana hapa Richfield, ughaibuni, alikwenda Ujerumani kutembea, akarudi na picha za kanisa moja la huko na sanduku la chupa za maji. Kanisa lenyewe ni kuukuu, la mawe, katika mji wa chemchemi za maji moto. Matajiri wa Kiingereza walikuwa wakienda huko zamani kutibu matumbo na vidole vya miguu vilivyovimba kwa nyama na mvinyo, na kwa kuwa hawakutaka kusali pamoja na wenyeji, wakajijengea lao. Hilo mwenyekiti hakuliona. Yeye aliona utakatifu, akalia mbele ya picha zake mwenyewe.

Basi maji ya chemchemi yakageuka maji ya baraka. Nusu ya waumini wetu ni wauguzi. Wiki nzima wanapima watu presha na kuwakataza chumvi. Jumapili wakapanga foleni kunywa maji ya chumvi hadi nyuso zinakunjamana. Niliwadharau, na bado nawadharau.

Ningewaacha wanywe wapasuke, lakini mama yangu ana presha. Mwenyekiti alimwachia chupa kubwa, glasi moja kila asubuhi. Miguu ikaanza kuvimba. Nilipompima, presha ilikuwa imepanda.

"Mama, haya ni maji ya chumvi tu."

"Kwani mimi sina ulimi? Nilijua siku ya kwanza."

"Sasa unakunywa ya nini?"

"Wewe una shifti mbili. Hao wa kanisani ndio wanakuja hapa kila Jumamosi, winter yote, tunakunywa chai. Nikimwambia mwenyekiti maji yake ni bure, nani tena atabisha hodi hapa?"

Nikaimwaga ile chupa kwenye sinki, nikaijaza maji ya bomba.

Jumamosi wakaja, wakavua mabuti mlangoni, wakajaa sebuleni. Mwenyekiti akaomba kwa sauti kubwa, akammiminia mama, kisha akajimiminia mwenyewe. Akanywa, akafumba macho.

"Mnaskia?" akasema. "Leo nguvu yake imezidi."

Wauguzi wote wakaitika amina. Mama akaninyooshea glasi yake bila kunitazama.

"Niongeze kidogo," akasema.