Uvungu wa Pikapu ya Baba

Baba yangu alikuwa mfugaji kule Kivu Kusini kabla hatujawa wakimbizi, na hadi leo anaamini kwamba kitu chochote cha thamani lazima kipakwe. Ng'ombe wake aliwapaka dawa ya kupe kila wiki. Alipopata pikapu hapa kambini Nakivale, Uganda, kuukuu tayari, hakuona sababu ya kuacha desturi. Kila mwanzo wa mwezi aliomba oili chafu kwa watu wa bodaboda, akajilaza chini ya gari na brashi ya rangi, akapaka uvungu mzima mpaka oili ikadondoka. Kisha akaondoka kwenda Endiinzi kuchukua maziwa, na vumbi la njia nzima likanasa humo. Nilimcheka miaka kumi na moja. Nina mdomo, sikatai.

Mwaka jana gari likaanza kulia chini kila tulipoingia shimo. Fundi wetu wa mtaa wa Ruti, pale Mbarara, aliinama mara moja tu akainuka. Alisema magari yote ya umri ule aliyowahi kuyafungua yalikuwa yameoza chesisi, ile mifupa ya chuma inayobeba kila kitu, na ya kwetu hata haionekani kwa uchafu. Tukalioshe kwanza. Likiwa limeoza, likatwe liuzwe chuma chakavu. Mama alikuwa ameniagiza pembeni kabla hatujatoka nyumbani: likionekana bovu, nirudi na baba kwa teksi, gari tuliache hukohuko. Nilimwahidi, huku nikijua kwamba bila pikapu baba atageuka mzee wa kukaa mlangoni, na hilo lingemmaliza upesi kuliko ugonjwa.

Mwoshaji alikuwa mama wa Kinyankole, mnene, mwenye ovaroli iliyobana. Alilipandisha gari juu ya kuta mbili za zege, akaingia chini na tochi, akakaa humo kitambo.

"Hapa hakuna gari," alituambia. "Iko udongo tu."

Nilidhani atafungulia mpira wa maji, kumbe zamu ya maji ilikuwa bado. Alitandika magunia, akachukua kipande cha springi alichokinoa mwenyewe, akaanza kukwangua kutoka nyuma kwenda mbele. Utando wa oili na vumbi ulianguka kwa mabonge. Niliokota moja nikaliona limejaa matabaka, jekundu, jeusi, kijivu, tena jekundu, mvua na kiangazi vya miaka yote hiyo vimelaliana. Magunia matatu yalijaa. Kisha akapaka mafuta ya taa, akangoja, akasugua kwa brashi ya waya, akarudia, akarudia tena. Maji ya moto na sabuni ya unga vilikuja mwisho kabisa. Muda wote huo baba alikaa juu ya jerikeni, mikono katikati ya magoti, wala chai niliyomnunulia hakuigusa.

Yule mama alipotuita niliingia nimejikunja, baba nyuma yangu. Chesisi ilikuwa imenyooka juu ya kichwa changu, nyeusi, nzima, bila doa la kutu, rangi ya kiwandani ingali imeshika. Namba zilizogongwa kwenye chuma zilisomeka zote. Nilipitisha kidole juu yake. Nimeingia makanisa makubwa na sikunyamaza namna ile. Mwoshaji aligonga chuma kwa spana, kikalia safi.

"Mzee, mimi naosha gari miaka mingi," akamwambia baba. "Kama hii sijaona."

Niliona haya kwa vicheko vyangu vyote, nikaanza kumwomba baba radhi palepale chini. Baba alikuwa bado anatabasamu, mwoshaji aliposogeza tochi nyuma, juu ya ekseli. Bomba jembamba la breki lilikuwa limetoboka, na tone lilikuwa linaning'inia.

Fundi akaitwa. Kilio kile, alisema, kilikuwa mpira wa springi uliokwisha, si neno. Lakini bomba lilikuwa likivuja siku nyingi ndani ya utando, ambako hakuna jicho lingefika. Baba akakiri kwamba mafuta ya breki yalikuwa yakipungua naye akiongeza tu, akidhani gari likizeeka hunywa zaidi. Kila Jumapili alikuwa akiwashusha mlimani kina mama wa kwaya kwa gari hilo, na wanangu wawili mbele pamoja naye.

Baba alilifuta lile tone kwa kidole.

"Ng'ombe unamupapasa kwanza," alisema. "Unatoa kupe, ndiyo unamupaka. Huyu nilimupaka tu miaka yote. Sikumupapasa hata siku moja."

Fundi alifunga bomba jipya na mpira mpya, akajaribu breki barabarani, akaturudishia gari akisema litatuzika sisi. Ahadi yangu kwa mama ilikuwa imekwisha kazi. Baba hakupanda. Alivua shati, akaingia chini, akalipapasa lile bomba mwanzo hadi mwisho, amefumba macho. Alipotoka alinipa ufunguo, akazunguka upande wa abiria.

"Endesha wewe, mutoto wangu," alisema. "Mimi naogopa."

Neno hilo sikuwahi kulisikia kinywani mwake, hata usiku ule tulipokimbia kwetu.